Gauni la Kuku na Vifaranga

Rehema na Kimani, vijana wangu, mmenisumbua mwezi mzima nikae chini niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Haya, nimekaa. Mgongo unauma, miwani inateleza na chai imeshapoa, kwa hiyo someni kwa adabu.

Nimeacha kazi mwaka huu wa 2020, baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona na magauni ya prom kubaki yananing'inia dukani bila wenyewe. Sitawaeleza nilipanda cheo lini. Duka letu la kurekebisha nguo pale Arlington, Texas, lilikuwa na watu wawili tu, na cheo kilikuwa kimoja, cha Mama Lupe. Mimi nilikuwa Athumani fundi siku niliyoingia, na Athumani fundi siku niliyotoka.

Niliingia mwaka 2017. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba maboksi kwenye ghala kule Grand Prairie, mpaka kiuno kikaniambia basi. Nikakumbuka kwamba Tanga nilikuwa na kazi ya maana, ya ushonaji. Nikaenda dukani na mkasi wangu wa zamani nimeufunga kwenye taulo. Mama Lupe, mwanamke wa Kimeksiko aliyekuwa ameanza kushona Texas kabla sijajua Texas iko upande gani wa dunia, akaufungua, akaujaribu makali kwenye kipande cha hariri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akanipa gauni la shifoni nipunguze pindo.

Shifoni haishikiki. Ukiibana huku inakimbilia kule. Nililipitisha kwenye mashine, pindo likatoka limekunjamana kama uso wa mtoto aliyenyimwa sukari. Mama Lupe hakugomba. Akakaa, akafumua mshono wote, akanirudishia gauni na sindano ya mkono. Nilishona kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Jioni ile mteja mmoja aliuliza suruali yake itakuwa tayari lini, nikamjibu "njoo kesho" kwa mdomo wa fundi wa kwetu, ambako kesho ni namna ya kumuaga mtu. Akaja kesho kweli. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kuhusu biashara ya Marekani.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kuanzia Machi mpaka Mei, wakati wa prom. Nilipoanza sikujua ni kitu gani. Ni dansi wanayofanyiwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari kabla ya mahafali, na watoto huvaa kama maharusi. Wazazi wahamiaji wenzetu walikuwa wakiingia dukani wakiona binti yao kwenye satini mpaka chini, wananivuta pembeni kuniuliza kwa Kiswahili cha chini chini bwana harusi ni nani. Nikawa mshonaji na mshauri wa familia kwa pamoja.

Mama Lupe alinifundisha mambo matatu, na haya yashikeni. La kwanza, hakuna viatu, hakuna pini. Binti asipoleta viatu atakavyovaa siku yenyewe, usiguse pindo. Mwaka 2018 nilimhurumia mmoja aliyesahau viatu vyake, nikakadiria kwa macho. Alikwenda prom na gauni linaloonyesha vifundo vya miguu, na mama yake bado hanisalimii sokoni. La pili, mimi mwanamume nilikuwa wa pindo tu. Kiunoni kwenda juu alibana pini Mama Lupe. Kwa hiyo misimu yote ile nilifanya kazi nimepiga magoti, na mabinti wengi nawakumbuka kwa viatu kuliko kwa sura. La tatu, gauni halitoki dukani mpaka mwenyewe ameketi nalo, amenyanyua mikono, na amecheza. Mtu haendi kwenye dansi kusimama kama sanamu.

Sasa niwaeleze kazi iliyonishinda, maana zilizofanikiwa zinajisemea zenyewe.

Machi 2019 aliingia Mama Riziki na binti yake. Ni Wakongomani, walifika Texas kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Mama alikuwa anafanya kazi ghalani zamu ya jioni, na alikuja amevaa kizibao chake cha kazini chenye rangi ya machungwa. Riziki alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, mcheshi, amevaa sweta lile lenye kofia ambalo vijana wa hapa hawalivui hata jua likichoma. Mama akafungua mfuko, akatoa yadi tatu za kitenge cha samawati, chenye kuku na vifaranga vyao.

"Papa Fundi, iyi kitambaa baba yake ndiye alinunua," akaniambia. "Mwaka uleule akakufa. Nusu nilishona yangu kule kambini. Hii nusu ni ya mutoto. Anataka kuvaa ku prom, sawa. Lakini siku ya kumaliza masomo tuvae sare, mimi na yeye."

Mnajua maana ya sare. Lazima kitambaa kiwe kilekile, mtu hatafuti kingine kinachofanana. Nikakipokea kwa mikono miwili.

"Mikono mirefu," akaongeza, akigusa kifundo cha mkono wake. "Mupaka hapa."

"Mama, ni May," Riziki akalalamika. "Nita-melt!"

"Mikono mirefu."

Nikaona nimsaidie mtoto. Nikasema kwenye prom wengi huvaa mabega wazi, na kwa heshima tunaweza kuweka mkono mfupi wa kufika kwenye kiwiko.

"Papa, weye ni fundi ama ni mutoto wa shule?" Mama Riziki akaniuliza.

Nikapiga magoti kwenye pindo. Mama Lupe akamchukua Riziki vipimo juu ya lile sweta, maana hakulivua, nasi hatukumwambia alivue. Nilipokuwa chini nahesabu urefu wa sketi, nilimsikia mama akimwambia bintiye jambo la chini chini, nikainua macho nikamwona akimvuta sweta upande wa kushoto, ilhali lilikuwa limeshafika kwenye vidole. Nikajua ni mambo ya kanisa, heshima na kujisitiri. Nilijiona mwerevu.

Kosa nililifanya wiki ya prom yenyewe. Kila fundi wa kwetu anajua kitenge chenye picha kina kichwa na miguu. Hata mwanafunzi wa siku ya pili anajua. Lakini mimi nilikuwa na miaka miwili ya satini na shifoni, vitambaa visivyo na juu wala chini, unavigeuza utakavyo ili kubana nafasi. Nikakikunja kitenge kwa upana ili nipate sketi pana na mikono mirefu ndani ya yadi tatu, nikachora kwa chaki, nikakata. Nilikuwa naimba, nawaambia ukweli. Jumanne mchana nikaunganisha sketi, nikalivisha lile sanamu la dukani la kujaribia nguo, nikarudi nyuma hatua tatu niitazame.

Mbele, kuku walikuwa wanadonoa chini kama kuku wenye akili zao. Nyuma walikuwa wamesimama kwa vichwa, miguu juu, na vifaranga vinaelea hewani.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Prom ilikuwa Jumamosi. Nilipiga simu kila duka la vitenge ninalolijua Dallas na Fort Worth. Nikampigia shemeji yangu wa Missouri City, pembeni mwa Houston, akazunguka Houston nzima na picha kwenye simu yake. Muuzaji mmoja akamwambia chapa ile ipo bado, ila rangi ile haijaonekana miaka mingi. Nikatandika vipande vyote mezani, nikapima, nikapima tena. Kitambaa cha kutosha kubadilisha nyuma ya sketi kilikuwa mahali pamoja tu. Kilikuwa kwenye ile mikono mirefu ambayo nilikuwa nimeshaikata bila kuishona.

Nilifikiri kudanganya. Siwafichi. Ningeweza kusema kitambaa kilikuwa pungufu tangu mwanzo. Ningeweza kusema hiyo ndiyo staili ya sasa, kuku mbele wima na nyuma kichwa chini. Nikamweleza Mama Lupe mawazo yangu, na yeye alikuwa anavuta uzi kwenye sindano, hakuniangalia.

"Akiliona kosa kwa macho yake, umempoteza," akasema kwa Kiingereza chake. "Akilisikia kwa mdomo wako, amekasirika tu."

Kwetu tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikapiga simu.

Walikuja Jumatano alasiri, mama akiwa njiani kwenda kazini. Niliwakaribisha, nikawaonyesha sketi mbele, kisha nikaligeuza lile sanamu. Nikamweleza nilivyokunja, nilivyokata, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Nikamwambia dawa iliyopo ni kutumia kitambaa cha mikono, gauni libaki bila mikono.

Mama Riziki aliwatazama wale kuku mmoja mmoja. Kisha akanigeukia.

"Mulipatana na mutoto."

"Hapana, mama."

"Mulitaka mabega inje tangu siku ya kwanza. Nikakatala. Sasa mumepata."

"Wallahi sikupatana naye. Nimekosea tu. Miaka arobaini nashika mkasi na nimekosea kosa la mwanafunzi."

Hakuniamini, na ningekuwa mahali pake nisingeamini pia. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe. Nikamwambia kuna njia nyingine, nitatafuta kitambaa cheusi kisicho na maua, nimtengenezee mikono mirefu mpaka kwenye kifundo kama alivyotaka.

"Nyeusi ni sawa," akasema haraka.

"Nyeusi ni ya msiba," Riziki akasema. "Mama, no. Sitavaa nyeusi."

"Utavaa."

Riziki akasimama katikati ya duka, akalivua sweta, akabaki na fulana.

Mkono wake wa kushoto, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, ulikuwa na kovu la moto. Ngozi ilikuwa imevutika na kung'aa, kovu la siku nyingi lililokua pamoja na mtoto. Mama yake aliruka, akaokota sweta, akamfunika nalo kama mtu anayezima moto.

"Usiangalie, Papa," akaniambia. Sauti ilikuwa imebadilika. "Usiangalie. Ni mimi. Nilienda ku mustari wa chakula, nikaacha nyungu ya uji ku moto. Alikuwa na miaka ine. Ni mimi niliunguza mutoto."

Nilibaki na chaki mkononi. Wiki zote zile nilidhani tunabishana juu ya adabu ya nguo.

Riziki aliondoa sweta taratibu, akalikunja, akaliweka kwenye kiti.

"Mama, I remember," akasema. "Nilikuwa nasikia njaa, nika-pull nyungu mimi mwenyewe. Weye haukuwako. Ukarudi unakimbia, ukanibeba mupaka ku hospitali, na viatu ulipotezea mu njia. Nakumbuka miguu yako, damu kwa miguu yako."

"Nyamaza."

"Kila siku unanivuta nguo. Shule, kanisa, kwa watu. Nikisikia unavuta, ni kama unaniomba pardon tena. Mama, tangu miaka ine unaniomba pardon. Mimi sina kitu nakudai."

Mama Riziki akachukua mkoba wake, akatoka. Tuliona kupitia kioo akiingia garini, akakaa kwenye usukani bila kuwasha injini. Riziki hakumfuata. Mama Lupe, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, akamletea maji, akamshika ule mkono wenye kovu kama anavyoushika mkono mwingine wowote, akampitishia utepe wa kupimia kutoka begani, akaandika namba kwenye daftari. Nami nilijifanya natafuta pini. Nina mabinti wawili, na niliona aibu, na nilitaka kulia, na kile kimto cha pini kilikuwa mbele yangu wakati wote.

Sijui zilipita dakika ngapi. Mlango ukafunguliwa, Mama Riziki akarudi, macho mekundu, kizibao chake kimekaa upande. Hakumtazama bintiye. Alinitazama mimi.

"Ukitoa mikono, kitambaa kitatosha mugongo?"

"Kitatosha, mama. Kutakuwa na maungio mawili. Nitayaficha kwenye marinda."

"Simamisha kuku," akasema, na akaenda kazini.

Nilishona Alhamisi yote. Nilifumua nyuma ya sketi kwa kile kichuma kidogo chenye uma, uzi mmoja mmoja ili nisirarue, nikaunganisha vipande vya mikono, kila kuku nikamkagua miguu yake iko wapi. Juu nikaweka kamba pana za begani, si nyembamba, maana heshima ya mama nayo ilikuwa na haki yake. Ijumaa alasiri wakaja kujaribu. Riziki alileta viatu bila kukumbushwa. Akaketi, akanyanyua mikono, akaweka muziki wa Kikongo kwenye simu, akacheza mpaka Mama Lupe naye akaacha mashine. Mama Riziki alisimama karibu na mlango akishikilia mkoba kwa mikono miwili. Hakucheza, ila mguu wake mmoja haukutii.

Prom yenyewe sikuiona. Kazi ya fundi huishia mlangoni. Mama yake alinieleza baadaye kwamba alimfungia mtandio kwenye mfuko, akamwambia ni kwa ajili ya baridi ya viyoyozi, na mtandio ukarudi ulivyokunjwa. Akanionyesha picha walizopiga mbele ya ghorofa lao kabla hajaondoka na rafiki zake. Zilikuwa nzuri. Nikazipitia moja moja, na katika zote Riziki alikuwa amesimama ubavu, mkono wa kushoto uko nyuma yake. Nikamrudishia simu yake. Mtu haachi tabia ya miaka kumi na minne kwa sababu ya gauni moja, na mama aliyepiga zile picha naye hakumwambia ageuke.

Mwisho wa Mei wakaniletea tiketi ya mahafali. Kila familia ilipewa chache, wana ndugu na kanisa zima la kuwagawia, wakampa fundi moja. Nilivaa kanzu na koti. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama uwanja wa mpira, na mtangazaji aliomba watu wasishangilie mpaka majina yote yasomwe. Ombi hilo lilidumu mpaka jina la kwanza la Kikongo. Riziki alipoitwa, akapita na joho lake na ile kofia ya pembe nne, Mama Riziki alipiga kigelegele ambacho wazungu wa safu tatu za mbele waligeuka kukitafuta kimetokea wapi. Mimi nilipiga makofi mpaka pete ikaniumiza.

Tukatoka nje kwenye maegesho. Joto lilikuwa la Texas hasa, lami inalainika chini ya viatu. Riziki akavua joho, na hapo ndipo nikawaona kwa mara ya kwanza wamesimama pamoja, mama na binti, kuku na vifaranga, gauni la mama limepauka kwa kufuliwa na la binti bado jipya. Nikapewa simu nipige picha. Watu wa kanisa walikuwa wamejaa, wanaume wa suti, mabibi wenye vitenge, watoto wanaokimbia kati ya magari.

Riziki akakaa mkao wake wa siku zote. Akageuka ubavu, mkono wa kushoto ukaenda nyuma.

Nilikuwa nimeshainua simu. Mama Riziki akaniashiria ningoje.

"Mama," akamwita bintiye kwa sauti ya kawaida, kama anamwambia apishe gari. "Geuka. Leta ule mukono huku."

Riziki akamtazama, hakusogea.

Basi mama akazunguka mwenyewe, akapita mbele ya watu wote wale, akasimama upande wa kushoto wa mtoto wake. Akauchukua mkono kutoka nyuma, akaupitisha kwenye wake, akaweka kiganja chake juu ya kovu, kisha akakiondoa, akakiteremsha mpaka kwenye vidole vya Riziki, kovu likabaki wazi kwenye jua.

"Sasa piga, Papa," akaniambia.